Je, Ni Haki Kumhubiria Aliyekwisha Kuhubiriwa?

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na ikija kwenye mtihani hatubabaiki. Lakini wahenga hao hao hawakutuambia tufanyeje iwapo mgeni amefika, amekaribishwa, amepewa kiti na maji ya kunywa, kisha akamgeukia mwenyeji na kumwambia kwamba nyumba yake si nyumba, sala zake si sala, na ati wazee wake wote waliotangulia walikuwa wakipapasa gizani tu. Je, mwenyeji huyo atapona au ndipo ataugua? Hilo ndilo swali ninalotaka tulijadili, ewe msomaji mpenzi, katika jarida letu la mwaka huu.

Nazungumzia umisionari. Wengi wetu tukilisikia neno hilo, picha inayotujia ni ya Mzungu mwenye ndevu akishuka chomboni Mombasa, Biblia mkononi na kofia kubwa kichwani, akienda kwa watu wa bara ambao hawajapata kulisikia jina la Kristo. Hiyo ni sawa, ndivyo tunavyosoma katika somo la Historia. Lakini kuna umisionari wa namna nyingine ambao hatuuzungumzii sana. Huo ni ule wa kwenda kuhubiri Ukristo kwa watu ambao ni Wakristo tayari, tena wamekuwa Wakristo tangu enzi na enzi. Nchi za namna hiyo ni nyingi: Ugiriki, Armenia, Urusi, na hata Misri wanakoishi Wakopti. Mimi nimechagua moja tu, ambayo hatuhitaji ndege kuifikia kwa sababu tunapakana nayo pale Moyale. Nchi hiyo ni Ethiopia.

Msimamo wangu nautoa mapema ili nisionekane nazungukazunguka. Sisemi kwamba ni vibaya mtu kuhubiri popote anapotaka. Ninachosema ni kwamba anayekwenda penye kanisa kongwe ni lazima aende kwanza kama mgeni na kama mwanafunzi, ndipo awe mwalimu, ikiwa kweli mwalimu anahitajika. Asipofanya hivyo atabomoa kingi kuliko anachojenga. Haya si maneno yangu matupu. Ethiopia yenyewe ni ushahidi.

Hebu tuanze mwanzo. Katika karne ya nne, mfalme aliyeitwa Ezana alitawala Aksum, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Ethiopia. Katika jumba la kifalme alilelewa kijana mmoja kutoka Tiro, jina lake Frumentius, ambaye alikuwa Mkristo. Baadaye Frumentius alikwenda Aleksandria, Misri, na huko Askofu Athanasius akamweka wakfu kuwa askofu wa Aksum. Ezana akaipokea imani hiyo. Hata sarafu zake zinasimulia habari hiyo: zile za mwanzo zina alama ya mwezi mwandamo, na zile za baadaye zina msalaba. Biblia ilitafsiriwa katika lugha ya Ge'ez, watawa wakajenga makao yao milimani, na baada ya karne kadhaa yakachongwa yale makanisa 11 ya Lalibela. Wenzangu, makanisa hayo hayakujengwa kwa mawe yaliyopangwa. Yalichongwa ndani ya mwamba, kuanzia juu kwenda chini.

Sasa linganisha na Uingereza, nchi ambayo ilikuja kutuma wamisionari wengi sana Afrika. Mtawa Augustine alitumwa kutoka Roma, akafika Kent mwaka wa 597 na kumbatiza mfalme wa huko. Maana yake ni kwamba Ezana alikuwa Mkristo zaidi ya miaka 200 kabla ya mfalme wa Kent. Kwa hivyo Mwingereza alipofunga safari kwenda kuwafundisha Waethiopia habari za Yesu, alikuwa kama kitinda mimba anayetaka kumweleza kifungua mimba jina la baba yao.

Waliotangulia kwenda, hata hivyo, hawakuwa Waingereza. Walikuwa mapadre wa shirika la Wajesuiti, na njia yao ilifunguliwa na Wareno. Sote tunaijua ile nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, aliyefika huko mwaka wa 1498. Basi mwanawe, Cristóvão da Gama, aliingia Ethiopia mwaka wa 1541 akiwa na askari wapatao 400 kumsaidia mfalme wa huko vitani dhidi ya jeshi la Imamu Ahmad. Cristóvão aliuawa mwaka wa 1542, na Imamu Ahmad naye akauawa mwaka wa 1543. Mfalme akawashukuru Wareno kwa msaada wao. Lakini wafadhili hawakutosheka na shukrani. Mwaka wa 1557 Wajesuiti wakafika, na kazi yao ilikuwa kulivuta kanisa la Ethiopia liwe chini ya Papa wa Roma.

Kati yao alikuwapo mmoja ambaye nampa heko. Huyo ni Padre Pedro Páez, Mhispania, aliyefika mwaka wa 1603. Páez alikaa chini akajifunza Kiamhari na Ge'ez. Alisoma vitabu vya wenyeji, akazungumza na wakubwa wao kwa adabu, na hakuwa na pupa. Mfalme Susenyos alimpenda mno, hata akaukubali Ukatoliki hadharani mwaka wa 1622. Mwaka huo huo Páez akaaga dunia.

Aliyekuja baada yake alikuwa Afonso Mendes, aliyeingia mwaka wa 1625 akiwa na cheo cha Patriaki. Huyu, ndugu zangu, alikuja na moto. Mwaka wa 1626 mfalme na wakuu wake wakaapa mbele yake kumtii Papa. Kisha amri zikafuata moja baada ya nyingine. Makasisi wa Ethiopia wakaambiwa upadre wao haukuwa halali, wawekwe wakfu upya. Waumini wakaambiwa wabatizwe upya. Makanisa nayo yakabarikiwa upya kana kwamba hakuna Mungu aliyekuwa ameabudiwa ndani yake. Tohara na kuiheshimu Jumamosi kama Sabato vikakatazwa, na sikukuu zikahamishwa zifuate kalenda ya Roma.

Hebu fikiri wewe ni mkulima wa milimani. Baba yako na babu yako walizikwa penye kanisa la kijiji na kasisi yule yule aliyekubatiza. Leo unaambiwa kwamba ubatizo wao ulikuwa wa bure. Je, wako wapi sasa marehemu hao? Si ajabu kwamba watu waliasi. Vita vikazuka mkoa baada ya mkoa, Mwethiopia dhidi ya Mwethiopia, Mkristo dhidi ya Mkristo. Mwaka wa 1632, baada ya mapigano yaliyoua maelfu ya wakulima, mfalme Susenyos mwenyewe alichoka. Alitangaza kwamba watu wairudie imani ya wazee wao, akamwachia kiti mwanawe Fasilides. Fasilides akawafukuza Wajesuiti, na kwa karibu miaka 200 mlango wa Ethiopia ukabaki umefungwa kwa wamisionari wa Ulaya. Baadhi ya waliojaribu kuingia waliuawa.

Funzo ni lipi hapo? Páez na Mendes walikuwa wa shirika moja na imani moja. Tofauti yao ilikuwa ni kwamba mmoja aliuliza kabla ya kusema, na mwingine alisema kabla ya kuuliza. Kazi ya miaka karibu 20 ya yule wa kwanza iliangushwa na yule wa pili katika muda wa miaka saba. Haraka haraka haina baraka, na hasa katika mambo ya roho.

Karne mbili baadaye wakaja Waprotestanti, na hapa wanachama wa Kiswahili mtege masikio, kwa sababu habari hii inatuhusu sisi. Shirika la Church Missionary Society la Uingereza lilimtuma Samuel Gobat, akaingia Ethiopia mwaka wa 1830. Nia ya shirika wakati huo haikuwa kuanzisha kanisa jipya bali kuliamsha lile la zamani kwa kuwapa watu Biblia katika Kiamhari, lugha waliyoielewa. Tena tafsiri yenyewe haikufanywa na Mzungu. Aliyeifanya ni mtawa wa Kiethiopia aliyejulikana kama Abu Rumi, akiwa Cairo, na ikamchukua kama miaka kumi. Nia hiyo mimi naiona njema. Lakini waliomfuata Gobat hawakuwa na subira yake. Walianza kubishana na makasisi juu ya saumu, juu ya watakatifu, na juu ya heshima wanayopewa Bikira Maria, jambo ambalo kwa Mwethiopia ni kama kumtukana mama yake mzazi. Mwaka wa 1838 wakafukuzwa Adwa.

Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa Mjerumani aliyeitwa Johann Ludwig Krapf. Naam, ni yule yule Krapf wetu! Alijaribu tena katika ufalme wa Shewa kuanzia mwaka wa 1839, akatoka mwaka wa 1842, na alipotaka kurudi akazuiwa. Siasa nayo ilichangia, kwani wakuu wa huko walikuwa wameanza kuwashuku Wazungu wote. Basi akaona afadhali azunguke kwa njia ya bahari, awafikie Waoromo kutoka upande wa pwani. Ndivyo alivyofika Mombasa mwaka wa 1844. Huko Waoromo hakuwafikia kama alivyotaka, mkewe na mtoto wake mchanga wakafa mwaka huo huo, lakini alikaa na wenyeji akajifunza lugha yao. Matunda yake ni kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Kwa hivyo, wasomaji, tunaposifu kazi ya Krapf katika chama chetu tukumbuke kwamba alitufikia baada ya kufungiwa mlango Ethiopia. Ambako kulikuwa na makasisi na vitabu vitakatifu, kalamu yake ilikwama penye ubishi. Hapa kwetu ilimbidi kwanza awe mwanafunzi wa waja wa Mombasa na Rabai, na kwa uanafunzi huo ndio tunamkumbuka mpaka leo.

Pengine sasa utaniuliza, kwani mambo ya mwaka wa 1632 na ya 1838 yananihusu nini mimi ambaye nina hesabu za logi za kumaliza kabla ya kesho? Yanakuhusu, rafiki yangu. Yanakuhusu kwa sababu akina Mendes hawajaisha. Wengine tunavaa nao sare moja.

Katika darasa letu yuko msichana ambaye wazazi wake walitoka Ethiopia. Jina lake sitalitaja, maana aliniruhusu kuyasimulia haya kwa sharti hilo. Jumatano na Ijumaa haonji chai ya maziwa, wala yai, wala nyama, kwa sababu siku hizo ni za saumu katika kanisa lao. Shingoni huvaa uzi mweusi. Uzi huo ni alama ya ubatizo, na yeye alibatizwa akiwa na umri wa siku 80, kama ilivyo desturi kwa watoto wa kike. Wale wa kiume hubatizwa wakiwa na siku 40. Bibi yake husoma Zaburi kila asubuhi kabla jua halijachomoza.

Siku moja muhula uliopita, saa ya chakula cha mchana, kikundi cha wanafunzi kilimzunguka kikamwambia kwamba uzi ule ni hirizi, ati aukate ndipo aokoke. Mmoja wao alikuwa tayari ameazima makasi. Walimwuliza mara tatu kama anamjua Yesu. Akawajibu kwa sauti iliyotetemeka, "Kwetu watu walivaa uzi huu kabla kanisa lenu halijazaliwa." Wakacheka, wakaanza kumwombea kwa kelele ili pepo amtoke. Tangu siku hiyo anakula peke yake karibu na mfereji wa maji, na ile kola ya sare ameifunga mpaka kifungo cha juu kabisa, hata jua likiwa kali namna gani.

Nauliza, hapo Injili ilihubiriwa au ilitukanwa? Wenzetu wale hawakuwa na nia mbaya, nawafahamu. Waliamini wanamwokoa. Lakini hata Mendes aliamini anawaokoa wakulima wa milimani. Nia njema bila maarifa ni kama kumpa mtu dawa bila kumwuliza anaumwa nini. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza uzi ule una maana gani. Lau wangaliuliza, wangalijua kwamba wanamtaka akate alama ya ubatizo ule ule wanaouhubiri.

Sasa niwape nafasi wanaonipinga, maana mjadala wa upande mmoja si mjadala.

Kuna watakaosema kwamba Yesu aliwaagiza wanafunzi wake waende kwa mataifa yote, wala hakusema wairuke Ethiopia. Nakubali. Lakini agizo hilo ni la kuwafanya watu kuwa wanafunzi wake, si kuwahamisha wanafunzi wake kutoka benchi moja hadi jingine. Mvuvi anayechota samaki kutoka kwenye ndoo ya mwenzake hajavua kitu, hata akirudi nyumbani na kapu limejaa.

Wengine watasema, na hoja hii ni nzito zaidi, kwamba kanisa la kale nalo lilikuwa na mapungufu yake. Hili siwezi kulikana. Ibada ziliendeshwa katika Ge'ez, lugha ambayo wakulima wengi hawakuielewa. Kwa karibu miaka 1,600 mkuu wa kanisa hilo alitoka Misri, na ni mwaka wa 1959 ndipo lilipopata kuwa na Patriaki wake na kujitegemea. Waoromo na watu wengi wa kusini walilijua kanisa hilo pamoja na majeshi yaliyowateka na kuwanyang'anya ardhi, kwa hiyo wengi hawakulipenda. Ni huko ambako wamisionari walifanya kazi ya maana. Mfano mzuri ni Onesimos Nesib, Mworomo aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa na wamisionari wa Sweden. Yeye pamoja na mwanamke aitwaye Aster Ganno waliwapa Waoromo Biblia katika lugha yao, ikachapishwa mwaka wa 1899. Nani atathubutu kusema kwamba kazi hiyo ilikuwa bure? Si mimi. Leo Waprotestanti wa Ethiopia ni wengi: sensa ya mwaka wa 2007 ilionyesha kwamba walikuwa zaidi ya asilimia 18 ya wananchi, na Waorthodoksi walikuwa asilimia 43.5.

Lakini tazama vizuri, msomaji. Mfano huo unaniunga mkono mimi. Onesimos hakwenda kuwaambia Waorthodoksi kwamba ubatizo wao ni takataka. Alikwenda kwa watu wake mwenyewe ambao hawakuwa na kitabu, akawapa kitabu katika lugha ya mama zao. Aliziba pengo, hakutoboa ukuta.

Wa tatu watasema, basi serikali ipige marufuku wahubiri wa nje, mambo yaishe. La hasha! Imani haihitaji polisi. Kila mtu ana haki ya kubaki alipo na ana haki ya kuhama akitaka, na Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inailinda haki hiyo. Kama yule msichana mwenyewe atapenda kesho kujiunga na kanisa jingine, hiyo ni hiari yake, wala si kazi yangu wala yako kumzuia. Kufunga mlango kwa chuki kama alivyofanya Fasilides hakukuleta heri, maana pamoja na ugomvi hata elimu na urafiki vilifungiwa nje.

Njia ya katikati ilipatikana mwaka wa 1944. Haile Selassie alitoa kanuni iliyogawa nchi sehemu mbili. Katika sehemu ambako wengi walikuwa waumini wa kanisa la Ethiopia, wamisionari waliruhusiwa kujenga shule na hospitali lakini hawakuruhusiwa kuwageuza watu dhehebu. Katika sehemu nyingine waliruhusiwa kuhubiri. Sisemi kwamba kanuni hiyo haikuwa na dosari. Ilikuwa amri ya mfalme, na amri ya mfalme haimwulizi mwananchi anapenda nini. Lakini wazo lililokuwa ndani yake lilikuwa na busara: mgeni, tibu wagonjwa, fundisha watoto, nenda penye pengo, na umwachie mwenyeji kilicho chake. Tungekuwa na busara hiyo mioyoni, kanuni isingehitajika.

Liko jambo moja ambalo ningependa kila mtu asomaye ukurasa huu alikumbuke hata akiyasahau mengine yote. Mwaka wa 1974 Haile Selassie alipinduliwa na wanajeshi, na utawala uliofuata haukuwapenda watu wa dini. Patriaki Tewoflos, mkuu wa kanisa la Kiorthodoksi, aliondolewa kitini, akafungwa. Mchungaji Gudina Tumsa alikuwa katibu mkuu wa kanisa la Mekane Yesus, ambalo lilitokana na kazi ya wamisionari wa Kilutheri. Mmoja alikuwa wa kanisa la miaka 1,600, na mwingine wa kanisa lililoundwa rasmi mwaka wa 1959. Mwaka wa 1979 wote wawili waliuawa na utawala huo. Wauaji hawakuuliza nani alibatizwa siku ya 40 na nani alibatizwa ukubwani. Hawakuuliza nani anafunga Jumatano. Kwao wote wawili walikuwa watu wa Kristo tu. Ni aibu ilioje ikiwa wauaji wale waliuona umoja ambao sisi, tunaokaa kwa amani na kula githeri katika foleni moja, tunakataa kuuona!

Kwa hiyo nina mapendekezo machache. La kwanza nawaelekezea wenzangu wa Muungano wa Wakristo hapa shuleni. Kabla hujamhubiria mtu, mwulize maswali matatu: wewe unaamini nini, ulifundishwa na nani, na ungependa nikusaidie nini? Akikwambia ana yake, msikilize. Huenda ukajifunza kitu. Mimi kwa kuuliza tu nimejua mambo ambayo sikuyaona katika kitabu chochote cha darasani.

La pili ni la sisi Wakenya kwa jumla. Zamani tulikuwa tunatumiwa wamisionari, lakini siku hizi nasi tunatuma. Makanisa yetu yana wahubiri wanaovuka mpaka, na wengine wanafika mpaka Ulaya, kwenye nchi zile zile zilizotuletea Injili. Nakubali kwamba Ulaya makanisa mengi yamekuwa matupu na huenda wanahitaji kutiwa moyo. Hata hivyo, tusiende kwa majivuno kama Mendes. Bibi kizee mmoja anayebaki akisali peke yake katika kanisa kubwa la mawe pengine ana imani kutushinda sisi tunaojaza uwanja na vipaza sauti. Ukimkuta, piga magoti kando yake kwanza.

La tatu nawaomba walimu wetu. Katika somo la Dini na la Historia, tukifika kwenye mada ya kuenea kwa Ukristo, tusiwaanze wamisionari wa karne ya 19 kana kwamba Afrika nzima ilikuwa ikiwangoja wao. Tuanzie Aleksandria na Aksum. Mwanafunzi akijua kwamba Mwafrika aliuchonga msalaba mwambani wakati sehemu nyingi za kaskazini mwa Ulaya zilikuwa bado zinajifunza kuujua, hatamwona mwenzake mwenye uzi shingoni kuwa mshirikina.

Nimesema mengi, na mhariri ananiangalia kwa jicho kali kwa sababu ya nafasi. Neno langu la mwisho ni hili. Waethiopia husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, wakati ambapo sisi huwa tunatafuta viatu na karo za muhula wa kwanza. Mwakani tukifungua shule, wale waliotaka kukata uzi wamwendee mwenzetu pale mfereji mkono mtupu, bila makasi na bila mahubiri, wamtakie sikukuu njema. Kisha wakae nao wale. Yeye ndiye mwenyeji wa imani yake, sisi ni wageni. Na mgeni mwema huacha nyumba ya watu ikiwa nzima.